Keki ambayo nahodha alikataa kuikata

Januari 2021, majirani wa Ajinkya Rahane jijini Mumbai walimpokea kama bwana harusi. Ngoma zilipigwa na maua yakarushwa. Kijana wao alikuwa ametoka kuiongoza timu ya taifa ya kriketi ya India kuishinda Australia hukohuko Australia. Tena aliifanya kazi hiyo bila nyota wao Virat Kohli, aliyekuwa amerudi nyumbani kwa ajili ya kuzaliwa kwa mtoto wake wa kwanza, na huku wachezaji wengine kadhaa wakiwa majeruhi.

Wakamletea keki. Juu ya keki walikuwa wameweka kangaroo.

Maana yake ilikuwa wazi. Kangaroo ndiye Australia, kisu hiki hapa, mkate tupige picha. Rahane akakataa. Baadaye, alipohojiwa na mtangazaji Harsha Bhogle, alieleza kwamba kangaroo ni mnyama wa taifa la wenzao, na kwamba hata ukishinda na kuandika historia, mpinzani wako bado anastahili heshima.

Mtu anaweza kusema ni keki tu. Kweli, ni unga, mayai na sukari. Lakini siku chache kabla ya hapo, katika uwanja wa Sydney, wachezaji wa Rahane walikuwa wametukanwa kwa rangi yao na watu waliokaa jukwaani, siku mbili mfululizo. Mwanamume aliyekataa kumkata kangaroo ndiye aliyekuwa na sababu nzuri kuliko wote za kumkata.

Wazazi wengi hutamani mtoto wa namna hiyo na hawajui anatoka wapi. Hakutoka katika mchezo wenye adabu. India na Australia wamefundishana adabu kwa muda mrefu, na kwa gharama.

Kwanza, mchezo wenyewe, kwa ambao hupita tu nje ya ukuta wa Gymkhana na kusikia makofi. Kriketi ni mpira mdogo mgumu. Mmoja anaurusha, mwingine anaupiga kwa gongo la mbao huku akilinda vijiti vitatu vilivyosimama nyuma yake, yaani wiketi. Akiupiga mbali anakimbia na kujipatia mikimbio. Mechi ya daraja la juu, inayoitwa Test, huchukua hadi siku 5. Kati ya mpira mmoja na mwingine kuna muda wa kusubiri, na wapinzani wanasimama hatua chache kutoka kwa mpigaji. Hapo ndipo midomo inapofanya kazi.

Wakenya wenye umri wa kutosha wanazijua timu hizi mbili kwa karibu. Katika Kombe la Dunia la 2003 Kenya ilifika nusu fainali, ikakutana na zote mbili. Dhidi ya Australia, Aasif Karim wa Mombasa, aliyekuwa amekwisha kustaafu na kurudishwa, aliwatoa wapigaji watatu kwa kuruhusu mikimbio 7 tu. Kijana wake, Irfan, naye alikuja kuichezea Kenya. India ndiyo iliyoifunga safari ya Kenya, mjini Durban.

Sasa turudi kwenye midomo.

Waaustralia wana desturi ya kumsema mpigaji mpaka akili imhame. Wanaiita slejingi. Kwao ni sehemu ya kazi, kama fundi anavyopiga kelele za nyundo. Utasemwa kuhusu upigaji wako, unene wako, pengine mkeo. Jioni mkitoka uwanjani mnakunywa pamoja, na aliyekutukana asubuhi anakuuliza habari za watoto. Kwa muda mrefu makapteni wao wamesema kuna mstari, na kwamba wao wanacheza kwa ukali lakini hawauvuki. Tatizo ni kwamba mstari huo waliuchora wenyewe, wakiwa peke yao.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa sababu anajua utani. Mnyamwezi anaweza kumwambia Mzaramo maneno msibani ambayo mtu mwingine akiyasema atapigwa. Simba na Yanga ni watani wa jadi. Kenya, mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards inaitwa ya mashemeji. Yaani hata wapinzani wa mpira tumewapa majina ya undugu, na undugu huo ndio unaotoa ruhusa ya kutaniana. Utani una wenyewe. Mtu asiye mtani wako akisema maneno yaleyale, hayo ni matusi.

Waaustralia walikuwa wakimtania kila mtu duniani bila kuuliza kama wao ni watani wake.

Mambo yalilipuka Januari 2008, katika uwanja huohuo wa Sydney. Siku ya tatu ya mechi, wapigaji wa India walikuwa Sachin Tendulkar na Harbhajan Singh. Brett Lee wa Australia alirusha mpira mzuri. Harbhajan akamgusa makalioni kwa gongo lake alipokuwa akipita, kama mtu anayesema hapo umeweza, bwana. Andrew Symonds wa Australia hakupenda. Akamwendea Harbhajan kwa maneno makali. Harbhajan akajibu.

Alijibu nini? Hapo ndipo dunia mbili zilipogongana. Symonds na wenzake walisema aliitwa nyani, kwa Kiingereza “monkey”. Symonds alikuwa amezaliwa Birmingham, Uingereza, mmoja wa wazazi waliomzaa akiwa na asili ya Karibi, na aliasiliwa akiwa mtoto mchanga na familia iliyohamia Australia. Miezi mitatu kabla, alipokuwa ziarani India, mashabiki wa Vadodara na Mumbai walikuwa wamempigia milio ya nyani. Neno hilo halikuwa geni masikioni mwake, wala halikuwa mzaha.

Harbhajan alikana. Tendulkar, aliyekuwa karibu, alisema alichosikia ni Kihindi, tusi la kawaida la huko kaskazini mwa India linaloanza na “teri maa ki”, yaani “la mama yako”. Litamke haraka, katikati ya kelele za maelfu ya watu, mbele ya mtu asiyejua Kihindi. “Maa ki”. “Monkey”.

Mzazi wa Kiswahili atashtuka kwa namna yake. Kwa hiyo utetezi wa mtu huyu ni kwamba hakumwita mwenzake nyani, alimtukania mama yake tu? Kwetu, tusi la mama ndilo linalowafanya majirani watenganishe watu. “Nyani” tunarushiana hata kwa watoto wanaopanda mwembe. Lakini kwa mtu mweusi aliyekulia miongoni mwa weupe, ambaye uwanja mzima umewahi kumfanyia milio ile, mizani inageuka kabisa. Kila upande ulikuwa na neno ambalo ni sumu na neno ambalo ni chumvi tu, na hayakuwa maneno yaleyale. Baadhi ya Wahindi walitaja hata kwamba nyani kwao huheshimiwa, kwa kuwa mungu Hanuman ana umbo la nyani. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu Hanuman. Kuhusu milio ya Vadodara, haina uzito. Waliopiga milio ile hawakuwa wakiabudu.

Refa wa mechi, Mike Procter, alimfungia Harbhajan mechi tatu. India ikakasirika kiasi kwamba timu ilibaki hotelini Sydney badala ya kuendelea na safari, na ikasemekana wangerudi nyumbani. Rufaa ilisikilizwa Adelaide na jaji wa New Zealand, John Hansen. Aliona madai ya ubaguzi hayakuthibitishwa, na Harbhajan akatozwa nusu ya malipo yake ya mechi kwa lugha ya matusi. Nini hasa kilisemwa siku ile, mpaka leo kila upande una jibu lake.

Kuna jambo moja katika uamuzi wa jaji huyo ambalo wengi hulipita. Symonds aliulizwa kwa nini aliingilia, ilhali Harbhajan alikuwa akimpongeza Lee. Akajibu kwamba mechi ya Test si mahali pa kuwa na urafiki na mpinzani. Jaji aliandika kwamba anatumaini wanakriketi wengine wa kimataifa hawana fikra hiyo, na kwamba kama wanayo, itakuwa siku ya huzuni kwa mchezo. Kwa hiyo kesi ile yote, pamoja na mawakili na safari iliyotaka kuvunjika, ilianza kwa sababu mtu mmoja alimsifu mpinzani na mwingine akaona si sawa.

Mechi yenyewe ilikuwa na kidonda kingine. Symonds, akiwa na mikimbio 30, aliugusa mpira kwa ukingo wa gongo na ukadakwa. Alipaswa kutoka. Mwamuzi hakusikia. Symonds akabaki, akafikisha mikimbio 162 bila kutolewa, na baadaye akakiri kwamba kweli aliugusa. Australia ikashinda dakika za mwisho.

Je, alidanganya? Muulize mtoto wako swali hilo mezani, utasikia mengi. Waaustralia wengi watasema hapana: mwamuzi yupo kwa kazi hiyo, siku moja anakupendelea, siku nyingine anakuonea, mwisho wa mwaka hesabu inalingana. Katika utamaduni mwingine wa kriketi, hasa ule wa zamani wa Uingereza, muungwana anayejua ametoka hujiondoa mwenyewe. Wahindi nao si malaika. Wengi wao husubiri mwamuzi vilevile, na siku ile kilichowachoma zaidi ni kwamba makosa ya waamuzi yaliwaangukia wao. Na si kila Mwaustralia yuko hivyo. Katika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 dhidi ya Sri Lanka, Adam Gilchrist alijua ameugusa mpira. Mwamuzi akasema hajatoka. Gilchrist akageuka, akatembea kwenda zake.

Anil Kumble, nahodha wa India, alitoka Sydney akisema ni timu moja tu iliyokuwa ikicheza kwa moyo wa mchezo. Waaustralia waliokuwa wanajua historia yao waliumia zaidi ya Kumble alivyokusudia, au pengine kama alivyokusudia hasa. Maneno yanayofanana sana na hayo yalisemwa mwaka 1933, Adelaide, na nahodha wa Australia, Bill Woodfull, dhidi ya Waingereza waliokuwa wakirusha mipira ya kulenga miili ya wapigaji. Safari hii mtuhumiwa alikuwa Australia. Baadhi ya magazeti yao wenyewe yaliwashambulia wachezaji wao wiki ile.

Kilichofuata hakikupangwa na mwalimu yeyote wa maadili. Kililetwa na pesa. Mwezi uliofuata, Februari 2008, ligi mpya ya India, IPL, ilifanya mnada wa kwanza wa wachezaji. Symonds akanunuliwa na timu ya Hyderabad kwa dola milioni 1.35. Mtu aliyepigiwa milio ya nyani India sasa alikuwa akilipwa na Wahindi, akishangiliwa na Wahindi. Na mwaka 2011 akahamia Mumbai Indians, ambako katika chumba cha kubadilishia jezi alimkuta nani? Harbhajan Singh.

Walipatana. Kwa namna gani, hapo tena kila mmoja ana lake. Symonds alisimulia miaka baadaye kwamba walikuwa kwenye karamu, Harbhajan akamvuta pembeni, akaomba radhi na kulia. Harbhajan aliposikia akauliza hayo yalitokea lini, akasema mwenzake amegeuka mtunzi wa hadithi. Wazazi wenye watoto wawili nyumbani hawatashangaa. Ugomvi umekwisha, wanacheza pamoja, lakini usiwaulize nani aliomba msamaha.

Symonds alikufa katika ajali ya gari karibu na Townsville, Mei 2022, akiwa na miaka 46. Harbhajan alikuwa miongoni mwa waliotoa salamu za rambirambi mapema, kwa majonzi. Lakini kovu lilibaki. Symonds alisema waziwazi kwamba baada ya sakata la 2008 alianza kunywa sana, na maisha yake ya mchezo yakaporomoka. Alihisi amewaburuza wenzake kwenye jambo ambalo hawakupaswa kuingia. Mtoto anayesema “waliniita jina fulani” na kisha akanyamaza kwa sababu kesi imeleta kelele nyingi, huenda anabeba mzigo wa namna hiyo.

Miaka 10 baada ya Sydney, mstari wa Waaustralia uliwakatikia mikononi. Machi 2018, Cape Town, mchezaji wao kijana Cameron Bancroft alinaswa na kamera akiusugua mpira kwa karatasi ya msasa, ili upande mmoja ukwaruzike na mpira upinde hewani. Nahodha Steve Smith alijua. Yeye na David Warner walifungiwa mwaka mmoja, Bancroft miezi tisa. Nchi nzima iliona aibu, hadi waziri mkuu akasema.

Smith alipotua Sydney alizungumza na waandishi uwanja wa ndege. Nyuma yake alisimama baba yake. Smith alipoanza kulia, mzee aliweka mkono begani mwa mwanawe na kuuacha pale. Smith, kwa shida, alisema kwamba mtu akifikiria kufanya jambo lenye shaka afikirie wazazi wake, kwa sababu alikuwa ameona jinsi baba na mama yake walivyoumia.

Mzee yule hakusema neno mbele ya kamera. Wapo wazazi ambao wangekuwa wamelimaliza suala nyumbani kwa mkanda, na wapo ambao wangekwenda redioni kumtetea mtoto kwamba kaonewa. Yeye alikwenda uwanja wa ndege. Mwanawe alikuwa amekosa kweli, adhabu ilikuwa yake kweli, na baba alikuwa pale.

Mwaka uliofuata Smith alirudi kucheza Kombe la Dunia Uingereza. Juni 2019, London, Australia walikutana na India, na majukwaa yalijaa mashabiki wa India. Smith alipopangwa karibu na ukingo wa uwanja wakaanza kumzomea, kumwita tapeli. Virat Kohli, nahodha wa India, alikuwa akipiga. Mchezo uliposimama kidogo akawageukia mashabiki wake mwenyewe, akawaashiria kwa mikono: kwa nini mnamzomea? Mpigieni makofi. Smith akamshika mkono. Baada ya mechi Kohli alisema alimwomba radhi Smith kwa niaba ya umati, na kwamba mtu akishakosea, akaadhibiwa na kurudi, hastahili kuzomewa siku zote. Baraza la Kimataifa la Kriketi lilimpa tuzo ya moyo wa mchezo ya mwaka huo.

Mzazi asimgeuze Kohli kuwa mtakatifu, maana mtoto akitazama simu atakuta mengine. Kohli huyuhuyu mwaka 2012, akiwa kijana, aliuonyesha umati wa Sydney kidole na kutozwa faini. Desemba 2024, akiwa na miaka 36, alimgonga bega kijana wa miaka 19, Sam Konstas, aliyekuwa akiichezea Australia mechi yake ya kwanza, na akatozwa asilimia 20 ya malipo yake. Konstas alikuwa amekua akimhusudu Kohli. Watoto wenye akili huuliza: sasa yupi ndiye Kohli wa kweli? Hakuna ubaya kumjibu mtoto kwamba ni wote wawili.

Sasa Sydney ya 2021. Mohammed Siraj alitokea Hyderabad. Baba yake, Mohammed Ghaus, alikuwa dereva wa bajaji, kazi ambayo kila msomaji wa Dar es Salaam anaijua ratiba yake na mapato yake. Kwa bajaji hiyo aliisomesha familia na kumnunulia kijana viatu vya kriketi. Novemba 2020 Siraj alipofika Australia, akiwa bado karantini kwa sababu ya korona, akapata habari kwamba baba amefariki, akiwa na miaka 53. Chama cha kriketi cha India kilimpa nafasi ya kurudi. Siraj alibaki, kwa kuwa ndoto ya mzee ilikuwa kumwona akiichezea nchi. Mwezi uliofuata alicheza mechi yake ya kwanza ya Test. Sydney, Januari 7, wimbo wa taifa ulipoimbwa, kamera zilimwonyesha akifuta machozi.

Siku mbili baadaye, akiwa amesimama karibu na majukwaa, watu walianza kumtukana. India ikalalamika rasmi. Kesho yake wakarudia. Siraj hakujibu, hakuwafuata, hakunyamaza. Alitembea hadi katikati ya uwanja, akamwambia nahodha wake. Rahane akawaambia waamuzi, mchezo ukasimama dakika kadhaa, na polisi wakawatoa watu sita jukwaani. Kwa maelezo ya Siraj, waamuzi waliwapa India nafasi ya kuondoka uwanjani. Rahane akajibu kwamba wao hawajakosa lolote, kwa hiyo watacheza.

Linganisha na 2008. Safari hii kijana alijua wapi pa kupeleka neno, na aliyelipokea hakumwambia avumilie. Mara ngapi mtoto anarudi kutoka mazoezini akiwa na neno kama hilo na anaambiwa “achana nao”? Rahane hakumwambia Siraj aachane nao. Alisimamisha mechi. Chama cha kriketi cha Australia nacho hakikujitetea, kiliomba radhi kama mwenyeji, na uchunguzi wake ukathibitisha kwamba wachezaji wa India walitukanwa kwa ubaguzi. Ulionyesha pia kwamba wale sita waliotolewa hawakuwa wahusika.

Siku ya mwisho ya mechi ileile, nahodha wa Australia, Tim Paine, alichoka. Wapigaji wawili wa India, Hanuma Vihari na Ravichandran Ashwin, wote wakiwa na maumivu, waligoma kutoka saa baada ya saa. Paine akaanza kumsema Ashwin kuhusu mechi ijayo Brisbane, Ashwin akamjibu, Paine akamalizia kwa tusi. Siku ileile alidondosha mipira mitatu aliyopaswa kuidaka. Kesho yake aliwaita waandishi bila kulazimishwa, akasema uongozi wake haukufikia kiwango na kwamba amejiangusha mwenyewe na timu. Huyu ndiye aliyekabidhiwa timu baada ya aibu ya msasa ili airudishe heshima. Aliteleza, akasema ameteleza, kabla siku mbili hazijapita.

Kisha wakaenda Brisbane, uwanja ambao Australia hawakuwa wamefungwa tangu 1988. Siraj alitoa wapigaji watano katika zamu moja. India walifukuzia mikimbio 328 siku ya mwisho na wakaifikia. Kwa mchezaji wa Australia Nathan Lyon, hiyo ilikuwa mechi yake ya 100 ya Test, na ndiyo iliyoishia kwa kipigo. Rahane, kabla ya sherehe kuanza, alimwita Lyon mbele ya watu na kumkabidhi jezi ya India yenye saini za timu nzima.

Timu ilirejea India Januari 21. Rahane alikwenda nyumbani kwake Mumbai, kwenye ngoma na ile keki. Siraj alitua Hyderabad. Hakuanzia nyumbani. Kutoka uwanja wa ndege alikwenda moja kwa moja makaburini, akasimama kwenye kaburi la dereva wa bajaji, akamwombea dua.